Mashindano ya ndege za skeli: mtazamaji tunamgeuzaje kuwa mrushaji?

Bawa_Pana

Wakuu, habari za kazi. Niko Ohio. Kilabu chetu kina uwanja mzuri wa nyasi na mafundi wanaojua kuunda, lakini mashindano ya skeli, yaani ya modeli zinazoiga ndege halisi kwa kipimo kidogo, kila mwaka ni sura zilezile. Watazamaji hawakosekani. Wanapiga picha, wanauliza bei ya rimoti, wanaondoka. Vijana wa droni za mbio wanatumia uwanja huohuo na skeli hawaigusi.

Ukiwauliza wanataja mambo matatu: kuunda ndege kunachukua miaka, faili la ushahidi (la kuonyesha modeli inafanana na ndege halisi) ni nene mno, na wanaogopa kurusha mbele ya majaji. Binafsi naongeza la nne: siku ya mashindano mtu anarusha mara mbili tu, saa zilizobaki amekaa kwenye kiti.

Naomba ushauri wa vitendo kuhusu madaraja, ratiba na ndege za kuanzia. Ila sitaki kugusa hadhi ya daraja la wajenzi, ambako mtu anarusha ndege aliyoiunda mwenyewe. Hilo ndilo roho ya mchezo.

---

Jaji_wa_Nyasi

Mkuu, daraja la wajenzi liache kama lilivyo, na wageni uwafungulie mlango wao. AMA, chama cha wanamodeli cha Marekani chenye makao Muncie, Indiana, kina daraja la Fun Scale kwa ajili hiyo. Ndege iliyonunuliwa ikiwa karibu tayari inaruhusiwa, na hakuna sharti kwamba aliyeunda ndiye arushe. Kwenye mashindano ya kilabu punguza na ushahidi: picha moja ya rangi ya ndege halisi yenye rangi na namba zilezile inatosha.

Alama ziwe rahisi. Weka mambo kumi, kila moja alama 10: kupaa, kupita moja kwa moja mbele ya majaji, namba nane, duara la kushuka la nyuzi 360, matatu ya hiari, kukaribia uwanja, kutua, na uhalisi wa safari nzima. Dakika sita zinatosha. Ya hiari yawe yale ambayo ndege halisi iliyafanya. Mwenye modeli ya Piper J-3 Cub, ile ndege nyepesi ya Marekani, hahitaji kupindua ndege: achague kugusa ardhi na kupaa tena, kupita polepole, na safari ya pembetatu.

Uhalisi ndipo wageni wanapopoteza alama bila kujua sababu. Cub halisi ina bawa la mita 10.7 na inasafiri kwa kilomita kama 120 kwa saa. Modeli ya 1/5 ina bawa la sentimita 215. Mtu anagawanya 120 kwa 5, anapata 24, anajaribu kuruka hivyo, ndege inaanguka. Mwendo unaoonekana wa kweli unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5, yaani 2.24, hivyo unapata kilomita 54 hivi kwa saa. Uzito nao unagawanywa kwa 5 mara 5 mara 5. Cub iliyojaa ni kilo 550 hivi, kwa hiyo modeli iwe kilo 4.4 au pungufu. Ukiipakia mpaka kilo 6, haitaenda polepole hata rubani awe nani. Mweleze mgeni hesabu hii kabla hajanunua betri kubwa.

Makosa ninayoyaona sana hewani:

Kupaa. Mgeni anasukuma gesi yote kwa mkupuo, ndege inakwenda kushoto, inaruka kabla ya wakati. Gesi ipande taratibu kwa sekunde tatu au nne, elevata (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) ivutwe kidogo mwanzoni ili gurudumu la mkia lishike ardhi, usukani wa mkia uelekee kulia, kisha elevata iachiwe mkia unyanyuke wenyewe. Baada ya hapo ipande kwa mwinuko mdogo.

Kona. Cub ukiipinda kwa eleroni peke yake, yaani vibao vya kingo za nyuma za mabawa, ile eleroni inayoshuka inaongeza ukinzani na pua inavutwa upande usiotakiwa. Majaji wanaiona hata wakiwa mbali. Weka eleroni ipande milimita 12 na ishuke 6, halafu mfundishe kutumia usukani wa mkia pamoja nayo.

Namba nane. Makutano yawe mbele ya majaji, duara zote mbili zilingane, kimo kisibadilike. Upepo unaisukuma ndege inapopewa mgongo, ndiyo maana duara moja linatoka yai. Sehemu ile kona ikazwe, na ikielekea upepo ilegezwe.

Hofu ya majaji inatibika. Kila mgeni apewe mrushaji mzoefu wa kusimama pembeni na kutangaza "sasa" na "imekwisha", maana jaji anatoa alama kati ya maneno hayo mawili. Akitua, apewe karatasi yake ndani ya dakika tano ikiwa na maoni mawili ya maandishi: moja la kurekebisha, moja la kuendeleza. Wale vijana wa droni waombe wakae na majaji kama makarani wa alama. Wana macho makali, na akishajaza karatasi kumi ameshajua sheria.

Kuhusu kukaa kitini: ukaguzi wa mezani wa daraja la wajenzi, yaani majaji kulinganisha modeli na ushahidi wake, ufanyike jioni ya siku iliyotangulia, hadharani, fundi akiwa karibu na ndege yake. Asubuhi yote ibaki ya kurusha.

---

Mama_Raba

Nakubaliana na Jaji, ila hata Cub iliyo tayari ni fedha nyingi kwa mtu ambaye hajajua kama ataupenda mchezo. Ongezeni ndege za skeli za raba, zile ambazo pangaboi lake linazungushwa na raba iliyosokotwa.

Mfano mzuri ni Flying Aces Club, hapohapo Marekani. Wana daraja la Peanut, bawa lisizidi inchi 13, yaani sentimita 33. Tena wana shindano la kurusha kwa pamoja: ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zinaachiwa zote kwa hesabu moja, za kwanza kugusa ardhi zinatoka, zilizobaki zinarudi raundi inayofuata mpaka abaki mshindi. Hakuna alama za kubishania, hata mtoto anaelewa. Na kila mrushaji anahitaji mtu wa kumshikia ndege wakati anakaza raba. Huyo mtu mchukueni kutoka kwa watazamaji! Aliyeshika ndege mkononi, akaisikia raba inavyojaa nguvu, anakuwa na upande wa kushangilia.

Ndege ya kuanzia iwe Lacey M-10 au Fike Model E. Bodi ni ya kisanduku, bawa ni la upana mmoja, mbavu zote zinafanana. Tumieni vijiti vya balsa (mbao nyepesi sana) vya milimita 1.5, karatasi nyepesi ya tishu ya Kijapani na pangaboi la plastiki la sentimita 12 hadi 15. Jioni mbili za warsha zinamaliza kiunzi, ya tatu ni ya karatasi. Lengo ni gramu 10 bila raba. Ikipita 14 itaruka sekunde chache tu, na tatizo huwa ni gundi nyingi.

Kuirekebisha kuna mpangilio, na badilisheni kitu kimoja kwa wakati:

Anzeni na sehemu ndege inapojisawazisha ikae theluthi moja ya upana wa bawa kutoka mbele. Itupeni taratibu juu ya nyasi ndefu bila raba kukazwa. Ikipiga mbizi, inueni ukingo wa nyuma wa elevata milimita 1. Ikiinua pua na kudondoka, ongezeni udongo wa kuchezea puani.

Ikishateleza vizuri, kazeni nusu ya uwezo wa raba. Ikipanda kwa ghafla na kusimama, wekeni kipande cha balsa cha milimita 0.8 juu, kati ya kizibo cha pua kinachoshika pangaboi na bodi, ili pangaboi litazame chini. Ikijikunja kushoto mpaka chini, kipande kiende upande wa kushoto wa kizibo ili pangaboi litazame kulia, na ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto ushushwe milimita 1.5.

Raba iwe kitanzi kimoja cha upana wa milimita 2.4 hadi 3.2, urefu mara moja na nusu ya umbali wa kulabu ya pangaboi mpaka kipini cha nyuma kinachoshika raba. Ipakeni mafuta ya silikoni. Kitanzi kimoja cha akiba kikazeni nje ya ndege mpaka kikatike, mkihesabu mizunguko. Siku ya shindano msipite asilimia 80 ya hesabu hiyo. Wakati wa kukaza, vuteni raba mara tatu au nne ya urefu wake, kisha sogeeni karibu kidogo kidogo. Na ndani ya bodi pitisheni bomba jembamba kwanza, raba ikazwe ikiwa ndani yake. Raba ikikatika bila bomba, mgeni anabaki na vijiti mkononi, na huyo hamtamwona tena.

---

Bawa_Pana

Asante sana dada, na Jaji pia. Swali moja: tulishajaribu raba kidogo, mabawa yakapinda. Asubuhi karatasi imelegea, mchana imekaza na bawa limejinyonga. Tunakosea wapi?

---

Fundi_Tanga

Mkuu, huku pwani hilo ni la kila siku. Karatasi hunywa unyevu ikalegea, ikikauka inavuta kiunzi. Iwambeni kwanza kwenye fremu tupu, inyunyizieni maji, ikauke, ndipo muibandike kwenye bawa, gundi kwenye kingo peke yake. Dopu ya nitrati, ile vanishi ya kukaza karatasi, iyeyusheni iwe nyepesi, mtie matone machache ya mafuta ya nyonyo ili isiendelee kukaza miezi inayofuata. Pakeni nje penye hewa, mbali kabisa na moto. Bawa likiwa bichi libaneni juu ya ubao kwa pini, na vijiti chini yake hewa ipite, mpaka kesho yake.

Lililokwisha kupinda halijafa. Lishikeni juu ya mvuke wa birika, linyongeni upande wa pili kupita kidogo pale mnapotaka, liondoeni kwenye mvuke na mlishikilie hivyohivyo nusu dakika lipoe. Asubuhi ya shindano kila mgeni atazame ndege yake kwa nyuma kabla ya kukaza raba. Milimita 2 za kujinyonga kwenye bawa dogo hivyo zinatosha kuiangusha, naye atadhani kosa ni mkono wake.