Tupeane uzoefu: ubao wa kaiti unaodumu ziwani, na waranti inayomfikia mtu wa Mwanza

Mwanzisha mada, Ilemela

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Sisi tunaocheza kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao huku ukivutwa na tiara kubwa, upande wa Ziwa Victoria tu wachache, na karibu wote tulijifunzia fukwe za Paje au Jambiani, Zanzibar, kabla ya kurejea Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo vifaa tulivyonavyo vilichaguliwa kwa ajili ya bahari, na ushauri tuliokuja nao ni wa watu wa bahari. Naomba kila mwenye ubao aeleze aliununua kwa nani, umemvumilia kiasi gani, na kama aliwahi kudai waranti, alijibiwa nini. Rangi na majina makubwa ya kampuni tuyaweke pembeni. Kinachotufaa ni kujua ubao uliharibikia wapi na gharama ilimwangukia nani.

Nianze na wangu. Ni ubao wa ncha mbili, urefu sentimita 138, kiini chake ni mti wa paulonia uliovikwa faiba na epoksi juu na chini, na ukingo wake umezungushiwa plastiki ngumu ya ABS. Watengenezaji wengi hupenda paulonia kwa sababu ni nyepesi na hainywi maji haraka, lakini sifa hiyo inakusaidia tu pale ambapo ngozi ya faiba haijapasuka. Paje ukianguka unakutana na mchanga na majani ya bahari. Huku kwetu, kuanzia Saanane kupita Capri Point hadi Igombe, kuna mawe, na tangu maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020 na tena 2024, mengi yaliyokuwa yakionekana kwa mbali yalizama kidogo tu, kiasi cha kutoonekana na kutopitika. Ndiyo maana nilipokuwa nachagua nilitazama ukingo kabla ya kitu kingine chochote. Ukingo mwembamba hushika maji vizuri, ila jiwe moja laweza kuupasua. Mnene hupoteza ukali kidogo na hubaki mzima. Wangu ni mnene, una makovu mengi, na hakuna hata moja lililofika kwenye kiini.

Kuhusu waranti, niliisoma yote kabla ya kulipa. Waranti ya mtengenezaji mara nyingi ni ya mwaka mmoja, baadhi hutoa miwili, nayo hufunika kasoro ya kiwandani tu: tabaka za faiba kuachana zenyewe, soketi ya skrubu (kile kitundu kilichogundishwa ndani ya ubao ili skrubu ishike) kung'oka, ukingo kujitenga na kiini. Jiwe halimo. Ubao uliosahaulika ndani ya gari lililofungwa juani haumo, wala uliovunjika kwa kutua vibaya baada ya kuruka. Kwa mtu wa Mwanza, waranti ya namna hiyo haimgusi kabisa adui wetu mkuu, na ndiyo maana huwa nasita ninaposikia mtu amelipa zaidi "kwa sababu ya waranti" bila kusema ni waranti ipi. Karibuni.

Mchangiaji wa Capri Point

Nakubaliana nawe juu ya mawe, lakini waranti usiidharau, kwani mimi imenifaa. Ubao wangu ulinunuliwa mpya na ndugu yangu anayeishi Ulaya, akaja nao likizo kama mzigo wa ndege. Miezi michache baadaye nilikuwa nakaza kanda za kushikia mguu wa nyuma, skrubu ikawa inazunguka bila kushika. Nilipoivuta ilitoka pamoja na soketi yake, na ndani ya tundu nikaona unga mkavu wa mti usio na dalili yoyote ya gundi. Picha ya tundu hilo ndiyo iliyonishindia madai. Nilipiga pia ubao mzima pande zote mbili, namba yake ya utambulisho, risiti yenye tarehe, na soketi zote nyingine zikiwa nzima, ili mtu aliyeketi ofisini mbali na ziwa aone kwamba hakukuwa na pigo lolote.

Duka lilitaka kwanza tuurudishe kwa gharama yetu. Kusafirisha kifurushi kirefu kiasi hicho kwa ndege kutoka Mwanza kungemeza sehemu kubwa ya thamani ya ubao wenyewe, nasi tukawaeleza hivyo kwa upole na kuomba njia nyingine. Baada ya kuandikiana kwa majuma kadhaa, mtengenezaji alikubali niukate ubao katikati na kumtumia picha ya vipande viwili vikiwa na namba inayosomeka. Niliukata kwa msumeno barazani, jirani akinitazama juu ya ukuta kana kwamba nimerukwa na akili, kwa maana ukiondoa lile tundu moja ubao ulikuwa unang'aa. Paulonia inakatika kirahisi sana. Shida iko kwenye faiba, ambayo vumbi lake huwasha ngozi hadi kesho yake, kwa hiyo atakayefikishwa hapo avae barakoa na mikono mirefu.

Ubao mbadala ulipelekwa kwa ndugu yangu, ukamsubiri hadi safari yake iliyofuata. Zingatieni kwamba risiti ilikuwa na jina lake na anwani yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria humwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyokuwamo kwenye bidhaa aliyoiuza kwa muda usiopungua miaka miwili, hata kama waranti ya kiwanda ni fupi zaidi. Sidhani kama mimi mwenyewe, nikiandika kutoka huku, ningesikilizwa kwa namna ile.

Mwalimu wa zamani wa kaiti, sasa Nyegezi

Nimefundisha Paje misimu ya kaskazi na ya kusi, kwa hiyo naomba nizungumzie mbao za mtumba, ambazo ndizo wengi wenu mnazo. Msimu unapoisha, shule huuza vifaa vyao kwa bei ambayo mtu aliyezoea bei za Ulaya, kati ya Euro 400 na 900 kwa ubao mpya, huiona kama bahati. Wauzaji huwa wanaongeza kwamba ubao "bado uko ndani ya waranti". Hapo muwe macho. Waranti nyingi humtambua mnunuzi wa kwanza peke yake, na nyingi zimeandika waziwazi kwamba matumizi ya kufundishia au kukodisha hayafunikwi. Ubao wa shule uliotimiza miezi minane, kwa mtazamo wa mtengenezaji, hauna waranti na pengine haukuwahi kuwa nayo.

Basi ukaguliwe kwa mikono. Toa kanda, pedi za kukanyagia na mapezi yote ya chini ya ubao. Anayekataa kukupa bisibisi amekwisha kukujibu. Chukua sarafu, ugonge ubao taratibu kutoka ncha hadi ncha, ukisogea kidogo kidogo. Palipo pazima sauti ni kavu na kali, na palipoachana sauti hufifia, inakuwa butu kama ya kugonga boksi. Rudia mara mbili mahali visigino vinapokaa, kwa sababu ndipo mzigo wote hutua. Kisha tazama kila soketi kwa tochi. Skrubu za kaiti ni za chuma kisichoshika kutu kirahisi, lakini chumvi ya Paje ikikaa humo msimu mzima bila kuoshwa huganda, na siku utakapolazimisha kuifungua utang'oa soketi pamoja na kipande cha kiini. Ukishauleta ubao ziwani, fungua kila kitu, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka grisi kidogo, ndipo ufunge. Baada ya hapo maji yetu matamu yatakuwa na huruma nao kuliko bahari.

Fundi wa faiba, Kirumba

Mimi si mchezaji, natengeneza boti, ila mbao zenu zinaletwa kwangu na nimeona la kusema.

Kitu cha kwanza ni resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba. Sisi mafundi wa boti hapa mjini tunatumia zaidi poliesta kwa sababu ni rahisi na inakauka haraka. Mbao zenu nyingi zimejengwa kwa epoksi. Poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Inaonekana imeshika, inapigwa msasa, inapakwa rangi, halafu mguu wa mtu ukikandamiza mara kadhaa kiraka chote kinabanduka kama ukoko wa ugali. Epoksi hushika juu ya epoksi na juu ya poliesta pia, kwa hiyo fundi akikuuliza utumie ipi, mwambie epoksi na ukubali kuilipia.

Cha pili ni maji. Mtu akigonga jiwe asubuhi asiendelee kuchezea ubao hadi jioni. Maji yakishaingia kwenye kiini, mti huvimba na kusukuma faiba kutoka ndani, na ufa wa urefu wa kidole unakuwa kazi ya kufungua eneo la kiganja. Ninauacha ubao umesimama kivulini, ufa ukiangalia chini, siku nyingi, wala sianzi mpaka nikigusa ndani kwa karatasi laini itoke kavu. Wateja hulalamika kwamba nachelewesha. Nikiziba maji ndani, watarudi.

Mchangiaji wa Musoma

Kwa ufupi: kwetu tatizo kubwa si jiwe, ni magugu maji. Mapezi marefu huyakusanya hadi ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea mbele. Nimeweka mapezi mafupi na nimebaki na yale marefu kwa siku ambazo ghuba ni safi. Mapezi ni kifaa cha kuchakaa, hayadaiwi waranti, kwa hiyo kabla ya kununua ubao hakikisheni matundu yake ni ya skrubu za kawaida za M6 ambazo duka lolote la vifaa vya ujenzi linazo.

Mwanzisha mada

Fundi, nashukuru sana. Nina swali linalonisumbua: masharti ya waranti niliyoyasoma yanasema ukarabati wowote usioidhinishwa huifuta waranti yote. Ubao wangu ukipasuka ukingo kwa jiwe, wewe ukauziba, kisha miezi mitatu baadaye soketi ya upande wa pili iking'oka yenyewe, nimepoteza haki?

Mchangiaji wa Capri Point

Nijibu mimi kwa sababu nililiuliza duka swali hilohilo. Waliniambia nitume picha kabla ya kugusa chochote, nieleze kwamba ni ajali na sidai, na niombe idhini ya maandishi ya kutengenezea hapa. Walinipa kwa barua pepe ya mistari miwili. Nimeihifadhi pamoja na risiti. Asiyejibiwa ndani ya muda wa kueleweka, ushauri wangu ni atengeneze tu. Ubao unaokunywa maji huku ukisubiri idhini hautakuwa na cha kudai.

Mfanyabiashara, Nyamagana

Naongeza upande wa sheria kwa wanaonunua ndani ya nchi, iwe Zanzibar, Dar es Salaam au kwa mtu aliyeingiza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora katika mauzo hata kama mkataba haukuyataja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, huku Tume ya Ushindani ikipokea malalamiko. Yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyopigwa mhuri chini ya risiti yasikutishe ukakaa kimya na kasoro ya kiwandani mkononi. Lakini yote hayo yanasimama juu ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Nimewaona watu wakikubali punguzo dogo ili wasipewe risiti, na siku ya madai hawana karatasi inayoonyesha tarehe, bei wala jina la muuzaji. Punguzo hilo ndilo bei ya waranti yao.

Muulizeni pia muuzaji swali moja kabla hamjatoa pesa: kasoro ikitokea, ubao atapokea yeye au nitaupeleka mwenyewe kiwandani? Anayesema "nitapokea mimi" aandike nyuma ya risiti na kutia saini. Kwangu hilo lina uzito kuliko mwaka wa pili wa waranti ulioandikwa kwenye tovuti ya ng'ambo.

Mchangiaji mpya, Bukoba

Wakubwa zangu, nimesoma yote kwa makini. Nina kilo 80, nimemaliza mafunzo Paje kwa ubao wa sentimita 136, na bajeti yangu inatosha ama ubao mpya wa ukubwa huohuo wenye waranti, ama wa mtumba uliotunzwa wa sentimita 150. Niende na upi?

Mwalimu wa zamani wa kaiti, sasa Nyegezi

Mdogo wangu, usichukue vipimo vya Paje ukavileta Bukoba vilevile. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo upepo wa kasi ileile unakuvuta kwa nguvu pungufu. Upepo wetu wa mchana unaotoka ziwani nao mara nyingi ni wa wastani. Kwa uzito wako ubao mrefu utakufanya uteleze siku ambazo wa 136 ungekuzamisha hadi kiunoni.

Ningekuwa wewe ningechukua wa mtumba, kwa sharti kwamba muuzaji anakuruhusu kufungua kila skrubu na kuugonga kwa sarafu, na kwamba fedha inayobaki unaitenga kwa ajili ya epoksi na fundi anayeijua. Kama anakataa, nunua mpya, ila uwe huo mrefu, kwa muuzaji atakayeandika kwamba madai anapokea yeye. Ukiupata, nitumie picha za soketi za visigino kabla hujalipa, nami nitakwambia ninachokiona.