Naomba ushauri: The Two Towers, wapi imesimama na wapi imepwaya?

Mtu wa Jenereta
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo kwa aliyeiangalia The Two Towers ya 2002, ile ya pili kati ya tatu za The Lord of the Rings za Peter Jackson. Nataka kujua wapi imesimama na wapi imepwaya. Kuna jambo lazima niliamue kabla ya Jumamosi na usingizi sipati. Matusi hapana, tafadhali.

Binti wa Pangani
Filamu ya zamani hivyo ndiyo inakukosesha usingizi? Haya. Imesimama kwa Gollum, kile kiumbe kinachowaongoza Frodo na Sam wanaobeba pete ya uovu. Kuna pale usiku, Frodo na Sam wamelala, yeye anabishana na nafsi yake. Kamera inamchukua upande huu, mnyonge, macho makubwa. Inahamia upande wa pili, uso umekunjamana. Unaapa ni watu wawili wanagombana. Sauti na miondoko ni ya Andy Serkis, kompyuta zikamvika ile ngozi. Oscar ya madoido ya picha waliipata kihalali.

Kinyozi Mstaarabu
Mimi Legolas tu, alivyoteleza kwenye ngazi juu ya ngao huku anamwaga mishale. Nilijaribu na sinia la mama. Hili jino la mbele mnaloliona si langu.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, someni kitabu kwanza. Kwa Tolkien aliyekiandika, yule kapteni Faramir haitaki ile pete hata aikute njiani. Hapa wamemfanya amburute Frodo mpaka mji wa Osgiliath ndipo akili imrudie. Na wale wenye masikio ya ncha, kina Legolas, hawakutuma jeshi kwenye ngome ya Helm's Deep. Mnapenda kutafuniwa.

fundi_redio
Shikamoo mwalimu. Ila kwenye filamu tumeshaambiwa pete inamlegeza kila mtu. Akitokea mmoja anaikataa kirahisi, nani ataiogopa tena? Kwangu palipopwaya ni yule shujaa Aragorn kudondoka gengeni. Watu wanamlilia kidogo, anarudi na farasi. Nani aliamini kafa? Mleta uzi, unaamua nini hasa?

Mtu wa Jenereta
Nina kibanda umiza. Nataka kuionyesha Jumamosi. Ni ndefu, karibu saa tatu, na wateja wangu wanataka vita. Nafikiria kupunguza vipande vya Frodo. Ni wazo tu.

Binti wa Pangani
Ya kwanza waliiona?

Mtu wa Jenereta
Dada, mimi nimeuliza ya pili.

fundi_redio
Waliiona au hawakuiona?

Mtu wa Jenereta
Hawajaiona. Diski ya kwanza ina mikwaruzo, inagoma pale wanapoingia mgodini. Lakini mtafsiri wangu atawapa stori mwanzoni, ana mdomo yule. Na kusema kweli nimeshaikata. Ubao uko nje tangu jana, VITA YA NGOME, kiingilio buku, na wengine wamelipa kabisa. Msinihukumu, jenereta linakunywa mafuta.

Binti wa Pangani
Kumbe ushauri ulishajipa mwenyewe, sisi tupige makofi tu. Sasa sikia. Hata ikiwa nzima, hiyo filamu haimsubiri mtu. Inaanza mchawi Gandalf anaporomoka shimoni na lile jitu la moto, kama hukuona ya kwanza hujui unamlilia nani. Ukimtoa na Frodo, pete imeondoka. Wale wa ukutani wanakufa kwa ajili ya nini?

Sauti ya Gerezani
Enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, nani aliuliza ya kwanza iko wapi? Kwetu kulikuwa na mtafsiri, kila adui kwenye filamu anampa jina la mtu anayemdai. Siku moja mdaiwa akaingia na mkewe, akakuta anachinjwa na Wachina. Alilipa kesho yake.

Mlokole wa Ubungo
Na hakimiliki je? Watu wamehangaika New Zealand, filamu tatu kwa mpigo, wewe unakata na kuuza buku. Halafu watoto wanajazwa mazimwi vichwani. Tubu.

fundi_redio
Mimi naomba kitu kimoja tu, usiguse ule ukimya kabla ya vita. Jeshi limesimama chini, mvua inaanza, juu ukutani kuna wazee na watoto wamevalishwa kofia za chuma zinazowapwaya. Babu mmoja mikono inatetemeka, mshale unamponyoka, adui mmoja anaanguka. Vita inaanza kwa bahati mbaya! Ukiutoa huo, kinachobaki ni kelele. Kama mkono unakuwasha, kata ile miti inayoongea. Vita imepamba moto, wao wanatupeleka kwenye kikao cha miti inayochukua muda kusalimiana.

Mtu wa Jenereta
Miti nimeiacha, watoto wataipenda. Frodo nimembakizia kipande kimoja, pale anapochomwa na yule buibui mkubwa. Kinatisha, kitauza.

Mwalimu Mstaafu
Ngoja kwanza. Buibui yuko kwenye filamu ya tatu, ya 2003. Kitabuni ndiyo yuko humu, Jackson akamsogeza mbele. Wewe uliyeikata kwa mkono wako, buibui umemtoa wapi?

Kinyozi Mstaarabu
CHAI! Tena ya rangi.

Binti wa Pangani
Huyu ni mwanafunzi. Kapewa swali la uzuri na udhaifu, kasoma muhtasari wa kitabu, anataka tummalizie. Mwenye kibanda gani anauliza "wapi imepwaya"?

Sauti ya Gerezani
Weka picha ya ubao.

Mtu wa Jenereta
Kukata alikata mdogo wangu, labda alichanganya diski. Ubao mvua imeufuta.

Sauti ya Gerezani
Mvua imefuta ubao, wino wa biki umebaki.

Mlokole wa Ubungo
Uongo nao ni dhambi.

fundi_redio
Lakini fikirini. Kama kweli mdogo wake kamrudisha buibui kwenye ya pili, si kairekebisha ilingane na kitabu?

Mwalimu Mstaafu
Kwa hilo nitakuja. Kibanda kiko wapi?

Mtu wa Jenereta
Njoo inbox mwalimu.

Kinyozi Mstaarabu
Tangu lini kibanda umiza kinaelekezwa inbox?