Picha kumi na moja ukumbini Jambiani

Shangazi: Asalaam aleikum, jamaa zangu. Tunangoja habari za maonesho ya picha za kuchora kutoka kwa mwenyewe, maana tangu jana naulizwa sokoni kama mtoto wetu amepata wateja, nami sina la kujibu.

Mimi: Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Mniwie radhi kwa kuchelewa, kwani tulimaliza kuzitungua picha saa tano usiku. Nilipeleka kumi na moja katika ukumbi wa kijiji hapa Jambiani, zikakaa siku tatu, na nne zimeuzwa: mbili kwa wageni, moja kwa mwalimu atakayelipa kwa awamu tatu, na moja kwa mzee mvuvi ambaye habari yake ni ndefu.

Ami: Hongera, mwanangu. Ila nieleze kwa nini uliliacha duka la mjini, ukaja kutundika picha mbele ya watu ambao ukutani mwao hamna hata msumari wa kalenda.

Mimi: Ami, duka lile lilichukua picha zangu kwa mali kauli, tukakubaliana kwamba kwa kila itakayouzwa wao wabaki na asilimia 40. Mgao huo sikuulalamikia, kwa sababu pango la Mji Mkongwe si mchezo. Kilichonishinda ni kwamba picha sita zilikaa humo tangu masika, mbili zikatoweka ukutani, na kila nikiuliza naambiwa mhasibu hajafika. Isitoshe, walinitaka niongeze twiga katika picha ya ufukwe, ilhali Unguja nzima haina twiga wa porini hata mmoja.

Dada Dar: Wanyama ndio wanaonunuliwa, mdogo wangu, tusidanganyane. Mchoraji wa wanyama Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, akafariki mwaka 1972, na hadi leo huku Dar kuna watu wanaosomesha watoto kwa mtindo wake.

Mimi: Siubezi, Dada. Rangi ile inayong'aa inamfaa sana ndege au chui mwenye mipaka inayoonekana. Mimi nachora maji yaliyokupwa, mahali ambapo mchanga, mwani na mbingu vinaingiliana bila mstari, na rangi ya baiskeli ikishaanza kushika haikubali tena kuchanganywa. Ndiyo maana natumia akriliki, rangi ya kuchanganywa kwa maji, na kanvasi naiwamba mwenyewe. Picha ya sentimita 60 kwa 80 hunila shilingi 55,000 za vifaa na fremu kabla sijahesabu siku zangu.

Shangazi: Turudi kwa mzee, tafadhali.

Mimi: Alisimama mbele ya picha kubwa kuliko zote, ile ya akina mama wanaotoka kwenye mashamba ya mwani siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana, mikono nyuma, kimya, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia kwamba ngalawa ile haiwezi kuelea pale, kwa kuwa vigingi vya mwani vilivyo kando yake vimekauka hadi chini. Alisema kweli: vigingi nilivichora asubuhi, ngalawa nikaiongeza jioni maji yalipokwisha jaa. Wageni walikuwa wameisifu picha hiyo siku nzima, na hakuna aliyeliona kosa. Nikachukua brashi mbele ya watu, nikailaza ngalawa mchangani ikiegemea mrengu mmoja, ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke. Kesho yake alirudi na shilingi 90,000 zilizofungwa katika kitambaa, akanionesha kwa kidole mlango wa mwamba anaotokea kila siku kwenda kuvua.

Ami: Bei yake ilikuwa 150,000, niliiona mwenyewe kwenye kikaratasi. Mwalimu akisikia atakuja juu, na atakuwa na haki.

Mimi: Nimeshamweleza mwalimu kwamba 60,000 zilizobaki ni ujira wa aliyeirekebisha picha. Alicheka, lakini nakiri kwamba sina hakika kama aliridhika.

Binamu Maskati: Nami naitaka moja ya bahari, ndugu yangu, kwa bei ya udugu, na uniambie itafikaje huku bila kuvunjika.

Shangazi: Bei ya udugu ni kulipa kamili na nauli juu.

Mimi: Nitaitoa kwenye fremu, niikunje kama mkeka uso wa rangi ukiwa nje ili isipasuke, niifunge kwa karatasi na kuitia katika bomba la plastiki, ambalo msafiri hulishika mkononi. Huko utaiwambisha upya.

Ami: Na mzee, je, alipata msumari?

Mimi: Nilikwenda naye na nyundo, Ami. Ukuta wake ni wa mawe na chokaa ya zamani, na misumari mitatu ilitoka na vumbi lake. Mwishowe tuliifunga kwa kamba ya nyavu juu ya boriti, na sasa upepo ukiingia mlangoni ngalawa inayumba.