Peugeot 504 inachemsha mjini, barabara kuu iko sawa. Ni gasketi kweli?

Pijo_Malindi
Salaam wadau. Niko na Peugeot 504 salun ya petroli, ya kabureta, ilikuwa ya ami yangu. Shida yake iko hivi, nikitoka Ganda mpaka naingia mjini mshale wa joto umetulia katikati, nikifika pale sokoni tuktuk zimejazana unasonga unasimama unasonga, mshale unapanda pole pole mpaka unakaribia nyekundu. Nikishatoka hapo nikapata mwendo unashuka wenyewe. Hata Kilifi naenda bila wasiwasi, unapanda kidogo tu nikikimbiza. Fundi wa kwanza alitoa themostati (ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto) akaitupa, ati joto la pwani haina kazi, sasa asubuhi injini inachelewa kupata moto na mjini bado inachemsha vile vile. Wa pili anasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, na bei ashanipa. Maji naongeza mara moja moja, si kila siku. Kabla sijatoa pesa mtu anayejua hii gari anishike mkono.

spana_kumi_na_tatu
toa hiyo feni weka feni ya umeme ya Toyota, maliza maneno 😂

Mzee_wa_Shella
Mwanangu hedi usifungue bado. Gari ikichemsha imesimama halafu ikipoa ukipata mwendo, kilichokosekana ni upepo, na gari ikiwa imesimama upepo wote unatoka kwa feni. Gasketi ikiungua haichagui soko wala barabara, tena ukikanyaga mafuta ndio inazidi.

Sasa 504 nyingi feni yake si ya kawaida, hapo ndio vijana wengi wanapotea. Ile feni haijashikana na puli moja kwa moja, inaelea kwa beringi zake, na ndani ya puli kuna koili ya sumaku. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka stimu, stimu inapita kwa brashi ndogo ya kaboni inayosugua nyuma ya puli, sumaku inavuta feni ndio inazunguka na puli. Brashi ikiisha au wairi ikikatika feni inazungushwa na upepo tu, ukitazama inazunguka unaona iko sawa kumbe haina nguvu. Gari iliyoshinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, haiwezi kushindwa na foleni ya soko la Malindi, lazima kuna kitu kimekufa.

Fanya hivi. Injini imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono, itakwenda laini. Fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, tafuta swichi ya joto ya feni, ziunganishe wairi zake mbili (kama ni wairi moja iguse bodi). Utasikia "tak" kwenye puli na feni itakataa kuzunguka peke yake. Ukikosa hiyo "tak" angalia fyuzi, halafu wairi, halafu chomoa brashi uione. Ikilia, basi sumaku nzima na swichi ndio inashukiwa. Na kama yako imefungwa feni ya moja kwa moja, maana ziko hizo pia, sema tuanze upya.

Pijo_Malindi
Shukran mzee. Iko ya sumaku, wairi naiona inaingia nyuma ya puli. Lakini huyu wa gasketi nitamjibu nini, yeye amekazana.

Mzee_wa_Shella
Mwambie akuonyeshe kwanza. Asubuhi injini baridi kabisa, jaza rejeta mpaka juu, acha kifuniko wazi, washa. Mapovu yakija mfululizo na hayakatiki hata ukingoja, hapo ana hoja, vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyobaki tu. Rudisha kifuniko ushike hosi ya juu, ikiwa ngumu dakika ya kwanza hata maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia. Halafu tazama chini ya kifuniko cha oili kama kuna uji mweupe, na moshi mweupe ambao hauishi hata injini ikipata moto.

Na ikitokea siku imefunguliwa kweli, simama hapo hapo. Hii injini silivu zake (mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka) ni za kuchomoa, maji yanazizunguka kwa nje, hedi ikitoka fundi akazungusha injini bila kuzibana silivu zinainuka, sili za chini zinaachia, maji yanaingia kwa oili. Nimeona injini nzuri zikiuliwa hivyo.

mashini_za_Amu
Mimi niko Lamu, kazi yangu ni mashini za mashua, gari yangu mwenyewe inalala Mokowe. Nauliza, hiyo rejeta unaijaza maji gani? Kama ni ya kisima cha hapo Malindi, ardhi yenu ni matumbawe, maji yamejaa chokaa na mengine yana chumvi, chokaa inaganda ndani ya rejeta kama ndani ya birika la chai, na hedi ya 504 ni alumini, chumvi inaila kimya kimya. Ule mshale wa kupanda ukikimbiza nauona ni huko, feni haihusiki. Endesha mpaka ipate moto, ZIMA, halafu pitisha kiganja mbele ya rejeta toka juu mpaka chini, sehemu iliyo baridi imeziba. Osha na mapezi yake kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, mchanga na wadudu hujaa hapo. Ukijaza tena weka maji ya betri (yale safi, si asidi) na kulanti nusu kwa nusu.

Na kifuniko cha rejeta watu wanakidharau. Maji yakikandamizwa bar moja juu ya hewa ya kawaida yanafika kama 120 ndio yachemke, mpira ukichoka yanachemka kwa 100 yanamwagika, halafu unaambiwa gasketi. Kisifunguliwe kikiwa cha moto jamani, tumeshauguza watu.

Pijo_Malindi
Nimerudi. Asubuhi mapovu hakuna ya kuendelea, hosi laini, oili safi. "Tak" hakuna. Fyuzi nzima, wairi inaleta stimu mpaka kwa brashi, nimechomoa brashi imebaki kipande hakifiki hata kugusa puli. Rejeta upande wa chini kulia uko baridi, kwa hivyo mashini za Amu naye amepatia. Sasa hiyo brashi Malindi nzima naambiwa haiko.

Mzee_wa_Shella
Usiitafute kwa jina la Peugeot. Nenda kwa mtu wa kutengeneza olteneta umpe hiyo ya zamani kama kipimo, akupe yoyote iliyo nene zaidi, uisage kwa msasa mpaka iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama, springi iisukume yenyewe. Kabla hujaifunga pangusa pale inaposugua kwa msasa laini. Na themostati nunua nyingine, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni uione inafunguka kabla hujaifunga. Nambari ya joto imepigwa juu yake.

spana_kumi_na_tatu
sawa mzee, feni ya Toyota nairudisha stoo