Sindano ya maumivu aliyochomwa mama imerudishwa kiwandani, nifanyeje?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa manesi na wafamasia.

Mama ana mgongo wa siku nyingi. Mwezi huu daktari alimwandikia diklofenaki ya sindano, milligramu 75, achomwe kila maumivu yakizidi. Nilinunua vichupa vitano duka la dawa, akachomwa vitatu zahanati ya jirani. Jana muuza dawa kanipigia: toleo lile linarudishwa, dawa imeonekana na chembechembe ndani. Nikakimbilia boksi, nikainua vichupa viwili vilivyobaki kwenye mwanga. Kimoja kisafi, cha pili kina kama vumbi jeupe linaelea. Nilitetemeka.

Nesi anasema ingekuwa imepita kwenye mshipa ndiyo ingekuwa balaa zaidi, hii ilikwenda kwenye nyama ya tako. Sawa, lakini mama ana uvimbe mgumu pale alipochomwa mara ya mwisho, siku ya 9 leo. Hauna usaha, hana homa, ila akikalia unauma. (Yeye mwenyewe anataka amalizie hivyo viwili, eti hela imeshatoka!)

Je, nimpeleke hospitali apigwe ultrasaundi au nisubiri? Na vichupa hivi, muuza dawa anavitaka anirudishie hela, mimi naona nivipeleke TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) vikiwa na namba ya toleo. Nikimpa si ndiyo ushahidi umekwenda? Aliyewahi kuripoti dawa mbovu anieleze alianzia wapi.