Fundi wa kuhamisha santuri amekula 5,600 zangu na kuniharibia urithi wa mzee

Wadau, hamjambo. Leo mnivumilie, nina hasira na sitafupisha.

Mzee wangu alituacha mwaka jana, akaniachia santuri 112. Nyingi ni zile ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika: benga ya Misiani na Shirati Jazz, George Ramogi, Victoria Jazz ya akina Collela Mazee, kisha twisti ya Daudi Kabaka. Na sita nzito za mizunguko 78, za miaka ya 50, ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzipulizia vumbi. Redio gramu yake iliungua zamani. Nikataka zihamishiwe kwenye kompyuta ili mama, ambaye yuko Ahero, azisikilize kwa spika ndogo.

Nikaelekezwa kwa jamaa mwenye kibanda cha mabati huko Kondele, hapa Kisumu. Jina simtaji. Tukapatana shilingi 100 kwa kila santuri, nusu kwanza, nikamtumia 5,600 kwa M-Pesa. Nikamwambia: pande zote mbili, faili za WAV, zile zisizobanwa sauti, usisafishe kelele yoyote. Akajibu, "Hiyo kazi ndogo, mkubwa."

Wiki tatu za "kesho asubuhi" zikapita, ndipo nikapewa flashi. Vyote vilivyomo havifiki MB 400! WAV ya kiwango cha CD inakula karibu MB 10 kwa dakika moja. Pande 224 za dakika tatu tatu zingepita GB 6. Nimepewa MP3 zilizokamuliwa mpaka zikakauka.

Hilo ningelimeza. Lakini wimbo nusu? Aliyekulia na santuri hizi anajua: wimbo unaanza upande wa kwanza, sauti inafifia ukiwa ndio umeanza kunoga, unageuza, na upande wa pili ndiko magitaa yanakofunguliwa. Jamaa amerekodi upande wa kwanza peke yake. Nilipomuuliza, akanitazama kama mimi ndiye mjinga: "Omera, si ni wimbo uleule? Nimekupunguzia mzigo kwenye flashi." Yaani umealikwa harusini, sufuria inafunuliwa, unaonyeshwa mlango.

Sasa sikieni hili. Nilimpelekea mama nyimbo chache hivyo hivyo. Akasikiliza mmoja wa Ramogi, kichwa kimeinama, halafu akasema, "Hii si yetu." Nikabisha. Akasema, "Yetu inaruka." Kweli. Santuri ile ina mkwaruzo niliouweka mimi mwenyewe nikiwa darasa la pili, na kila ikifika ubeti wa pili sindano ilikuwa inaruka, mpaka mzee akaweka senti kumi ya zamani, ile yenye tundu, juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito. Kwenye flashi mwimbaji anapita pale bila kujikwaa. Na mwishoni, wallahi, sauti ya msichana inatuomba tubonyeze kengele! Mtu amenitoza mia moja kwa kitu alichopakua YouTube. Nimezikagua zote, za namna hiyo ni 19. Kama ningetaka za YouTube si ningekaa nyumbani na bando langu?

Zile alizozirekodi kweli zinalia kama nyigu ndani ya mkebe. Besi hakuna. Aliunganisha pleya moja kwa moja kwenye laptopu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, kwa hiyo lazima sauti ipitie kisanduku cha fono kirudishe mizani, tena kiipandishe, maana inayotoka kwenye katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, ni milivolti chache tu. Benga bila besi ni nini? Fundi mzima hajui hilo, na ameandika ubaoni "studio ya kisasa".

Na zile sita za 78 alizipangusa kwa spiriti. Spiriti! Zile si plastiki kama za 45, zimetengenezwa kwa laki, yaani shellac, na spiriti inayeyusha laki. Alinionyesha kitambaa kikiwa cheusi tii, akajisifu: "Ona uchafu uliotoka." Haukuwa uchafu, kaka. Ulikuwa wimbo. Mbili zimepauka kama majivu, sindano ikipita unasikia mchanga tu. Nyingine tisa za 45 alizisimamisha zimeegemea bati la kibanda, jua la Kisumu mnalijua, zimepinda kama chapati.

Nimeamua kujifanyia mwenyewe sebuleni. Mjomba ameniazima pleya, nimenunua kisanduku cha fono, programu ni Audacity, haina malipo. Jioni ya kwanza yote nilipambana na mngurumo, kumbe ni waya wa athi (earth) wa pleya haukufungwa. Kiwango cha sauti nakiacha kisipite desibeli -6 ili sauti isipasuke. Kazi ni ya polepole, maana wimbo wa dakika tatu unarekodiwa kwa dakika tatu, hakuna mkato, na stima ikipotea unaanza upya. Nimemaliza 14, pande zote. Ule wa Ramogi nimeurekodi na mruko wake, mama ameurudia mara nne.

Ninachoomba: nani hapa Kisumu, au hata Kakamega, ana sindano ya 78? Mifereji yake ni mipana, sindano ya 45 inazama na kuogelea mle ndani, nami sitaki kuzimalizia zile nne zilizobaki. Na kuna aliyewahi kunyoosha santuri iliyopinda bila kuiua? Mwenye kuniambia niweke kwenye oveni, asante, pita.

Jamaa amepiga simu mara mbili nikiandika haya. Anadai salio.