Mrejesho: nimeshamwambia mama

Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri: mimi ni mwanamume, niko Toronto, kwetu Mombasa, napenda wanaume, nianze kumwambia nani? Wengi mlisema nianze na dada, mama aje baadaye. Nilifanya hivyo, asanteni.

Dada alicheka. "Ulidhani sijui? Tangu ukiwa kidato cha pili!" Kisha akanionya nisiandike neno kwenye grupu la ukoo. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kinachofanya ngono kati ya wanaume kuwa kosa la jinai, bado kipo Kenya, Mahakama Kuu ilikiacha palepale mwaka 2019, na watakaosemwa mtaani ni wao, si mimi niliyejikalia baridini huku. Hapo alinishika. Sikuwa nimeliwaza.

Mama nilimpigia Jumapili. Alikuwa akikuna nazi, nasikia mbuzi ikikwaruza. Nikasema. Mbuzi ikanyamaza. Kimya, kimya, nikadhani simu imekatika, kisha akauliza: "Shangazi yako anajua?"

Si "kwa nini", si "tubu". Shangazi! Iliniuma, nakiri, ingawa namwelewa. Shangazi ndiye aliyenilipia nauli ya kuja huku, na kwetu akishasema yeye, wengine hufunga midomo.

Siku nne mama hakupokea simu. Ya tano akatuma ujumbe wa sauti, sekunde 3 tu: "Umekula?"

Nimemjibu nimekula, wali na maharage ya nazi, ya kopo lakini. Akanisuta kuhusu hilo kopo karibu nusu saa.

Shangazi bado hajaambiwa. Dada anasema tungoje Idi ipite.